Chupa ya Mchanga Ndani ya Tangi la Choo

Mama,

Shikamoo. Marahaba yako najiitikia mwenyewe siku hizi.

Kisima chetu cha uwani kimeingia chumvi. Nilitaka kukuficha, lakini jambo la nyumba hii sikuwahi kuweza kukuficha ulipokuwa hai, sembuse sasa.

Tangu tukuzike Mwanakwerekwe, kaka Khamis ameifanya ghorofa ya juu nyumba ya wageni. Simlaumu sana. Ana watoto wa kusomesha, na kuta zilikuwa zinatubomokea. Kila chumba kikapata choo chake cha kuflashi, na pampu ikateremshwa kisimani kuvuta maji ya kuvijaza. Fundi alipofika kwenye choo chako cha chini akafunua tangi, akaitoa ile chupa ya plastiki uliyoijaza mchanga ukaitumbukiza humo ili choo kisinywe maji mengi. Akacheka, akaitupa. Niliifuata jaani, mama, nikaiosha huku nalia.

Wageni si watu wabaya. Wanaflashi wakitupa karatasi, wanaflashi wakitupa kipisi cha sigara, na yupo aliyeflashi kwa ajili ya kombamwiko, tena akarudia, na kombamwiko hakufa. Kila wakiflashi pampu inanguruma uwani. Nilimwomba Khamis atie chupa kwenye kila tangi. Akanijibu, "Raya, mgeni katoka kwao huko, afunue tangi akute machupa ya mchanga? Watanicheka." Nikamwomba basi vile vyoo vya vibonye viwili, kidogo kwa haja ndogo, kikubwa kwa haja kubwa. Akakubali, ila akachelewa. Vimeshafungwa sasa na vinabana maji kweli. Lakini visima vya mji huu ukivivuta kupita kiasi, bahari inajisogeza chini kwa chini, na kwetu ilikuwa imeshafika. Choo hakijali chumvi. Anayejali ni Bi Zuwena.

Unamkumbuka jirani yako alivyokuwa akipiga hodi baada ya alfajiri na ndoo yake ya buluu, nawe ukimwambia, "Chota, mwenzangu, chota, hunipunguzii, unanizidishia." Nilikuwa mdogo, nikakuuliza unazidishiwa nini. Ukanambia, "Nshakitia nia kiwe sadaka yangu. Nikifa, kila atakayekunywa, thawabu zake zitanifata kaburini." Ndiyo maana ulikataza mlango wa uwani usifungwe.

Mlango haujafungwa, mama. Watu ndio hawaji. Bi Zuwena alikuwa wa mwisho. Alionja, akageuka pembeni akatema kwa adabu, akasema, "Mungu atajaalia, mwanangu," akaenda zake na ndoo tupu. Niliona aibu hata nikashindwa kumsindikiza.

Naogopa. Naogopa kwamba kuna kitu kilikuwa kinakufikia huko kila siku, na sasa hakikufikii, na umelala kimya unashangaa tumekufanyia nini. Nilimuuliza maalimu wangu aliyenisomesha Kurani chuoni, akanambia nia yako haipotei. Nimemsikia na nimemshukuru. Moyo haukutulia.

Mafundi wanasema tuizime pampu tungoje, labda utamu utarudi. Khamis hawezi kuizima, wageni wamo vyumbani. Hata angeizima, mimi sioni kama utarudi. Wewe sikudanganyi.

Chupa yako nimeirudisha kwenye tangi la chini. Haiokoi kitu sasa. Nimeitia tu, kwa sababu mkono wako ndio ulioifunga kizibo.

Na kila asubuhi, saa ile ya Bi Zuwena, natoka uwani, nachota, nalitaja jina lako, nakunywa funda moja. Yana chumvi, mama, yananichefua. Lakini nakuahidi, maadamu nnaishi, kisima chako hakitakosa mnywaji.

Pumzika, mama yangu. Nami nikija huko, sijui nani atakunywa.

Mwanao,
Raya