Namba Sita za Bosi

Shosti, nimemfokea bosi mbele ya kikao kizima. Na msamaha SIOMBI!

Unakumbuka ile kazi yangu ya kutambua kadi ya mteja imetolewa na benki gani? Bosi aliokota mtandaoni orodha ya bure ya benki na namba za kadi zake, ya zamani, inayotumia namba sita za mwanzo za kadi tu. Nilimwambia siku hizi zinasomwa nane, tutafute orodha mpya. Akapuuza.

Leo wateja wamelalamika kwamba tunawaelekeza kwenye benki zisizo zao. Bosi akaninyooshea kidole: "Huyu ndiye aliyeharibu."

Mimi?! MIMI?!

Nikasimama. "Bosi, tusomee namba sita za mwanzo za kadi yako."

Akasoma. Nikaziingiza kwenye mfumo wetu. Kwenye skrini ya ukutani ikatokea benki ambayo hajawahi hata kuikanyaga!

Mhasibu akajikoholesha kuficha kicheko.

Bosi akauliza, sauti imemshuka, "Hiyo orodha ya namba nane tunaipata wapi?"

Nikamwambia, "Ipo kwenye barua pepe niliyokutumia mwezi wa tatu. Ile uliyonijibu kwa neno moja: Mjuaji."