Kidole cha Mwanangu kwenye Mkataba

Jumatatu, 3 Machi
Mwenye nyumba mpya kaja na barua. Siku kumi na nne niondoke kwenye chumba cha kushonea, mimi na cherehani zangu! Nikamwonyesha mkataba kwenye simu — miaka miwili, tulitia sahihi humo humo, mimi na mama aliyemuuzia nyumba. Akacheka. Eti mkataba usio na wino haujui. Kisha kaivuta ile sahihi kwenye kioo ikawa kubwa: "Na hii ni sahihi, mama, au kuku kachakura?"
Namjua aliyechakura.

Jumanne, 4 Machi
Siku ile ya kutia sahihi mtoto alikuwa mapajani, meno yanamsumbua. Nilishasoma kila ukurasa, nilishaingiza namba ya siri niliyotumiwa, imebaki kuchora tu. Kaniwahi! Kidole chenye uji, mstari mmoja mpaka ukingoni. Nikacheka, nikabonyeza "Nakubali" mwenyewe.
Leo sicheki.
Baba yake anasema apa ni mkono wako, yaishe — mtoto umemzaa wewe, mkono wake si wako? Ana maneno huyu mwanaume! Nimekataa. Nikidanganya dogo, kubwa nani ataliamini?

Alhamisi, 6 Machi
Nimewapigia wenye huduma ya hizo sahihi. Dada mmoja, mpole. Eti mchoro ni urembo. Uzito uko kwenye namba ya siri, saa, simu iliyotumika, na kukubali kwangu. Kanitumia cheti chenye yote hayo. Nikauliza, nikipeleka shauri baraza la nyumba, kitasimama? Sheria inazitambua sahihi hizi, akasema, ila anayepima ni mwamuzi.
Basi apime! Nimechapisha nakala tatu, na shauri nimelifungua.

Jumatano, 12 Machi
Baraza la nyumba. Naandikia benchini, mtoto mgongoni.
Asubuhi karani kapitisha kishikwambi, tutie sahihi kwamba tumefika. Mwenye nyumba kachora kwa kidole, mkwaruzo mmoja, huyo kakaa!
Ndani, mwamuzi kauliza mchoro wa mkataba ni wa nani. Nikasema wazi: wa mwanangu, mheshimiwa. Kukubali ni kwangu, cheti hicho hapo.
Mwenye nyumba kapiga makofi. "Mmesikia wenyewe!"
Mwamuzi hakumtazama. Kasoma cheti, kakirudia. Katutoa nje kidogo, kisha nikamsikia kupitia mlangoni akimwambia karani alete kile kishikwambi cha asubuhi.
Mwenye nyumba kaacha kucheka. Mtoto kaamka, anavuta kalamu — ngoja, mwanangu, ngoja. Tunaitwa.