Koti la Begani

Salma mjukuu wangu,

Assalamu alaikum. Huku Ilford tu wazima, alhamdulillahi. Goti la babu yako limetulia, keshaanza kwenda sokoni mwenyewe na kurudi na mihogo isiyoiva.

Picha uliyonitumia kutoka makumbusho ya Glasgow nimeiona. Unauliza kwa nini yule askari wa farasi wa zamani kavaa koti moja na la pili kalitundika begani. Hilo nalijua, maana nimelishona.

Nilikuwa mgeni London. Karakana moja ya nguo za maigizo ilinichukua kwa majaribio kwa sababu nilijua kutarizi kanzu, na makoti yale vifuani yamejaa kamba za dhahabu. Kwenye mchoro, mikono ya koti la begani ilining'inia mitupu. Nikadhani ni pambo tu, kama joho la bwana harusi, nikaishona ncha zote mbili zikaziba.

Fundi mkuu, mzee wa Kiingereza, aliingiza mkono ukakwama. Nikajua kazi sina tena. Akaniuliza kwa upole, "Baridi ikija, huyu atavaa nini?"

Kisha akakitazama kisweta changu chembamba. Akafumua mkono mmoja, akanivisha koti, na mkono wa pili akaniachia niufumue mwenyewe.

Nikakaa hivyo, mkono wangu mmoja ndani, mkono wa pili wa koti unaning'inia mapajani. Nilifumua polepole, Salma, polepole kuliko kazi yenyewe ilivyotaka. Ndiyo siku ya kwanza niliyopata joto London, na mzee yule namwombea mpaka leo.

Bibi yako