Wasichana wa Urambo na Bibi Zao

Urambo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Goti limekubali kukunjika, au bado unaswali kwenye kiti? Mimi huku mzima kabisa, nimenenepa kwa ugali na karanga. Wazee wa hapa, ambao baba zao walikuwa wapagazi wa misafara ya pwani, wakisikia natoka Bagamoyo wananiuliza kama bahari bado ipo!

Mama, nina furaha hata kalamu haitulii. Nilikuandikia juu ya darasa letu la wasichana hapa zahanati, tunapowafundisha habari za hedhi, usafi, na namna mimba inavyoingia. Basi juzi alikuja mkaguzi kutoka Tabora, mama wa Kizungu mwenye haraka, kupima kama wamejifunza kitu. Akiona ni kazi bure, darasa linafungwa.

Mimi kwa ujinga wangu nikawaalika mama zao waje wajionee. Kumbe nimeharibu! Msichana wa Kinyamwezi hatamki mambo hayo mbele ya mama yake, hata umfanyeje. Mkaguzi anauliza, wao wanatazama vidole vya miguu. Hata Kalunde, anayenichosha kwa maswali kila wiki, kimya! Mkaguzi akafunga mkoba. "Fatuma, hawajui lolote." Machozi yakanilenga.

Hapo nikakumbuka kwamba huku bibi na mjukuu ni watani, wanaitana wake wenza. Nikamsihi mkaguzi asubiri kidogo. Akina mama wakatoka, tukawaita bibi zao.

Loo! Bibi yake Kalunde hata hajakaa vizuri akaanza: "Msichana aliye katika siku zake asitie chumvi kwenye mboga, walaji watakohoa."

Kalunde akadakia: "Mke mwenzangu, ile mboga ya karanga uliyoilamba jana, chumvi nilitia mimi, na siku zangu ndizo hizi. Mbona hukohoi?"

Bibi akajikoholesha kwa nguvu. Kicheko hicho, mama! Baada ya hapo hakuna aliyewazuia wasichana. Wakawafundisha bibi zao kwamba vitambaa hufuliwa na kuanikwa juani, havifichwi uvunguni. Wakasema msichana akishavunja ungo anaweza kushika mimba, hata mvulana aape vipi. Mimi natafsiri huku nacheka, mkaguzi naye amevua miwani anafuta macho. Darasa linaendelea! Tena bibi wote wameomba kuhudhuria.

Nisalimie baba, mwambie tumbaku ya Urambo ni nzuri lakini simletei, kifua chake nakijua. Nisalimie shangazi mshona kofia, na bibi yangu mkorofi.

Na mdogo wangu Zuhura, nadhani siku yake haiko mbali. Mama, mimi yangu iliponijia nilijificha nyuma ya jiko, nikapiga shahada nikidhani nakufa. Sikulaumu, nawe hukuambiwa. Ila huyu aambiwe mapema. Wewe ukiona haya, mwachie bibi.

Ni mimi mwanao, ninayekukumbuka kila nikitia chumvi chunguni,

Fatuma