Meno ya Susu

Ciku uko? Nimejificha nyuma ya jikoni hapa Nuu.

Ile picha ya susu, nyanya yangu, niliyochora na makaa ya jiko waliifunika na leso. Kwa memorial yake, mbele ya kanisa lote.

Auntie Kalunde alisimama akasema, "Mama yangu aliokoka. Hayo meno ni mambo ya giza. Mfunge mdomo kwa hiyo picha."

Mfunge mdomo, Ciku. Susu alichongwa meno akiwa msichana kama wenzake wote, na alikuwa anacheka mdomo wazi hata kwa ibada. Hayo meno yalinichukua siku tatu. Nilikuwa natoa weupe na kipande cha mkate, nikifuta makaa pole pole.

Auntie akatoa raba ya kufuta kwa handbag. Alikuwa amekuja nayo.

Nikamwambia sifuti hata moja.

Halafu Susu Kathini, rafiki wa susu tangu utotoni, akainuka na fimbo, akavuta ile leso, akaangalia picha. Akacheka. Na yeye meno amechongwa, Ciku.

Hakuna mtu amerudisha leso.

Auntie hanisalimii, na ni sawa tu. Kesho namchora Susu Kathini. Mkate nimeshanunua.