Mwalimu wa Darasa la Tatu Nyuma ya Kaunta

Shangazi mpendwa, nakuita Shangazi kama wasomaji wenzangu ingawa nina miaka hamsini na mbili na huenda nimekuzidi, naomba unisaidie kabla sijafukuzwa kazi ambayo ndiyo kwanza nimeanza kuipenda. Nilifundisha darasa la tatu miaka ishirini na sita mpaka shule yetu ikafungwa, nikakaa nyumbani nimeshika tama, binti yangu akanichoka, akaniandikisha mafunzo ya uhudumu wa baa ya miezi miwili akidhani nitakataa, nami nikaenda, tena nikawa wa kwanza kati ya wanafunzi kumi na wanne ambao wote ningeweza kuwazaa.

Sasa niko kwenye majaribio ya miezi mitatu katika baa ya hoteli moja, zamu ya mchana, na kazi yenyewe naiweza, Shangazi, sijisifu: kupima kwa kile kikombe kidogo sikosei hata tone, limau nakata vipande vinalingana, glasi nazifuta mpaka naona uso wangu, na mteja akija mara ya pili namtajia kinywaji chake kabla hajakaa. Tatizo ni mdomo wangu. Mteja akipiga vidole kuniita namwambia arudi mlangoni aingie upya, na anarudi. Akiagiza bia ya tatu namuuliza kwanza amekula nini, na nisiporidhika na jibu namletea maji. Mwezi uliopita bwana mmoja mwenye kitambi na tai alivunja glasi, nikamkabidhi ufagio, akafagia, tena vizuri.

Hayo meneja aliyacheka. Kilichoniponza ni barua. Yupo fundi saa mmoja anayekuja kila Alhamisi, na wiki iliyopita sijui nilipitiwa na nini, mkono wenyewe ukachukua kalamu, nikaandika kikaratasi nikamtia mfuko wa shati: "Kwa mzazi au mlezi. Leo ametulia, amesema tafadhali mara nne, ila amekula karanga za wenzake." Kesho yake mkewe akaja na kile kikaratasi mkononi, akaomba kumwona aliyeandika, meneja akawahi kujificha stoo, nami nikajua leo ni leo. Mama wa watu akanitazama juu mpaka chini, akauliza, "Karanga za nani?" Nikamweleza, akashukuru, akaenda zake, lakini meneja alipotoka stoo akaniita akasema, "Mama, watu wanakuja hapa kuwakimbia mama zao. Una mpaka mwisho wa mwezi, ama uwe mhudumu wa baa ama urudi kwenye chaki." Nikajibu, "Sawa, bosi," nikatoka, kama ninavyomjibu kila mara.

Tangu hapo nimejikaza, nasema "karibu" na "asante" basi, na matokeo yake jana nimemtilia mtu chumvi badala ya sukari kwenye juisi ya limau, yule mwenye kitambi ameniuliza kama nimefiwa, na meza ya wahasibu imeondoka mapema wakisema leo hakuna raha. Shangazi, nifunge vipi mdomo huu? Jasiri haachi asili, na asili yangu itanirudisha sebuleni kutazama ukuta, na hilo siliwezi tena.

Mwalimu Mwenye Aproni


SHANGAZI ANAJIBU

Mwalimu, pole. Sasa kaa vizuri unisikilize, maana na mimi nina mdomo.

Kosa lako si dogo. Mtu mzima na akili zako, unatia barua mfukoni mwa mume wa mtu? Una bahati umekutana na mke aliyesoma mpaka mwisho. Wengine huishia kwenye mwandiko wa kike, na sasa hivi ungekuwa unaniandikia kwa jicho moja. Usirudie. Mteja si mtoto wako, na anayoyafanya kwenye kaunta yako hayaendi nyumbani kwake, hata kama ni karanga.

Halafu unaniuliza ufunge vipi mdomo, na hapo ndipo uliponichosha. Jibu umeliandika mwenyewe, ila hukuisoma barua yako kabla ya kuituma, jambo ambalo lingemfanya mwanafunzi wako arudishiwe daftari. Umenyamaza siku chache tu, wahasibu wamekimbia na mwingine amekunywa chumvi. Yule mwenye tai hakufagia kwa kukuogopa. Siku nzima anawaamrisha watu ofisini, na hakuna hata mmoja anayemuuliza amekula nini. Basi endelea kuuliza, ila uliza kama mwenyeji, usiulize kama mkaguzi. Wa kupiga vidole mrekebishe kwa utani, na asiyependa utani mhudumie umwache. La maji usiliache kabisa: kujua mteja amekunywa vya kutosha ni ujuzi ambao wenzako wanahangaika nao miaka, wewe umekuja nao. Na ukitaka kupanda cheo, jifunze vinywaji vipya viwili kila wiki, uombe na zamu ya Jumamosi, kwa sababu kukumbuka watu kumi wa mchana si sawa na kukumbuka sitini wanaoita kwa pamoja.

Lakini lililonikera kuliko yote ni lile "Sawa, bosi." Kazi unaipenda, kukaa nyumbani kunakutisha, na mtu pekee uliyemwambia hayo ni mimi, nisiyekujua hata sura. Meneja atajuaje? Anachokiona ni mama anayeitikia na kutoka. Huenda anadhani bintiyo alikupachika hapo na wewe ungefurahi kupumzika. Kwa hiyo usingoje mwisho wa mwezi. Kesho fika mapema, mkute kabla hajafungua milango, umwambie: "Kwenye barua nilikosea, sitarudia. Na kazi hii naitaka." Usianze kumsimulia habari za shule. Ukishasema hayo, usiseme sawa, usitoke. Simama hapo hapo mpaka akujibu.