Kivuli Kwenye Picha Yangu

Mjukuu wangu Zaituni,

Hapa Nachingwea tu wazima. Mama yako bado anafundisha Ruangwa, na nywele zangu zimeanza kuota tena baada ya zile dawa za saratani. Umeniuliza nimekuwa nikilalaje tangu daktari aone kivuli kwenye pafu, akasema hajui kama ni saratani ya titi iliyosambaa, tusubiri picha nyingine.

Nilipokuwa msichana kule Marambo, mkorosho wetu mmoja ulikauka upande mmoja. Baba mdogo akaja na shoka. "Kaka, huu umeshakufa."

"Mti haujasema," baba akamjibu. "Unausemea wewe."

Akapalilia chini yake kama alivyopalilia mingine, na jioni akala ugali huku akitutania. Sikumbuki kama ulizaa tena. Nakumbuka kwamba mtu anaweza kutojua, na bado akala akashiba.

Basi nami nikamaliza dozi zangu, nikapanda ufuta, na mara nyingi usiku nililala.

Juzi nilipigwa picha ya pili. Kivuli hakijakua hata kidogo. Daktari anasema ni kovu la nimonia ya zamani.

Njoo likizo tuvune. Chukua mstari wako, nami wangu, halafu tuone nani atamngoja mwenzake mwisho wa shamba.

Bibi yako